Tuala kwa Miguu

Stesheni ya reli ya kisasa inaitwa Ongata Rongai, lakini iko huku kwetu Tuala. Wenye jina hupanda boda kuja kuifuata. Ilizinduliwa Oktoba 2019, na treni ikitoka Nairobi hukata Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi juu ya daraja la kilomita kama 6, lenye nguzo ndefu ili twiga apite chini bila kuinama. Mwaka 2016 watetezi wa mazingira waliipinga njia hiyo kisheria. Reli ikajengwa vivyo hivyo, nami huipanda, na dirishani hutazama pundamilia kama watu wengine.

Jumamosi moja sikupanda chochote. Nilitaka kujua kama mkazi wa Tuala anaweza kutembea siku nzima kwao bila kuchoma petroli, bila kuacha taka, na bila kupeleka pesa zake Nairobi. Nilimchukua mpwa wangu, kijana wa sekondari, ambaye aliniuliza kwa upole, "Shangazi, kwani tumefilisika?"

Tulibeba maji kutoka nyumbani kwenye chupa ya bati na chapati ndani ya kitambaa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu Juni 2020 huingii mbugani na chupa ya plastiki ya kutumia mara moja. Marufuku ile imezaa matunda kiasi: miiba ya migunga kando ya barabara ya Maasai Lodge haivai tena mifuko kama zamani. Siku hizi inavaa makaratasi ya biskuti.

Punda wa maji walikuwa wametutangulia, mitungi ikigongana mbavuni. Huo ndio usafiri usiotoa moshi tulio nao Tuala, na hakuna aliyewahi kuuandikia kijitabu cha watalii. Tulipita karibu na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene, vumbi limetufika magotini, na hapo mwendo wa miguu ukanionyesha kitu ambacho nikiwa kwenye matatu hunipita tu: nyaya. Ua, kisha ua, kisha kibao cha ploti zinazouzwa, kisha ua tena.

Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, imezungushiwa ua pande tatu. Upande wa kusini, huu wetu, uliachwa wazi, mpaka ukiwa ni mto tu. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia walitoka kwenda nyanda za Kaputiei kula majani mapya. Kiangazi kikiingia, walirudi mtoni. Katika miaka ya 1970 nyumbu hao walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata hati yake, na mwenye hati ana haki ya kuuza. Mji ukaja. Mimi mwenyewe ninalala kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia iliyokatwa kutoka malisho ya mtu.

Tulimkuta mzee akichunga mbuzi kwenye kipande kilichobaki wazi. Mpwa wangu aliinamisha kichwa kama inavyotakiwa huku, mzee akamgusa utosini, tukaulizana habari za nyumbani, mvua na mifugo. Kisha nikamuuliza kama nyumbu bado wanakuja.

"Waje wapitie wapi?" akasema, akionyesha kwa rungu.

Alikumbuka mpango wa kukodisha ardhi ulioanza mwaka 2000. Familia zililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili zisiweke ua, zisichimbe mawe wala kuuza, na pesa zilitolewa msimu wa karo. Mpango mzuri, kwa maoni yangu, na wa heshima. Lakini ekari hiyo hiyo ukiiuza leo huku unapata mamilioni ya shilingi. Sioni kwa nini mzigo wa kumfungulia nyumbu njia umwangukie mwenye mbuzi, wakati sisi wenye ploti zenye ua tunajiita wapenda mazingira kwa sababu ya chupa ya bati.

Korongoni tulivuka daraja linaloning'inia kwa kamba za chuma. Linayumba, kijana alicheka, mimi nilishika. Maji ya huku huishia Mto Mbagathi, ambao mbele huitwa Athi, kisha Galana, kisha Sabaki, hadi Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Taka ya Tuala ina safari ndefu mbele yake.

Ng'ambo ni Kitengela Glass, mahali palipoanzishwa na msanii Nani Croze mwishoni mwa miaka ya 1970, na ambapo baadaye mwanawe Anselm alianzisha karakana ya kupuliza kioo. Malighafi ni vioo chakavu, vile vya madirisha yaliyovunjika. Fundi alichovya ncha ya bomba la chuma tanurini, akatoa donge jekundu, akapuliza huku akilizungusha bila kupumzika, maana likisimama hulegea upande mmoja. Glasi ikiumbika hupelekwa kwenye tanuri jingine ipoe polepole. Ikipozwa haraka hupasuka. Mpwa wangu hakugusa simu yake muda wote huo. Tanuri linataka moto mkali saa zote, na moto huo nao hula kuni za aina fulani, ila kioo kile kingekuwa kimelala jalalani.

Tuliondoka jua likiwa bado juu, kwa sababu upande huu simba si hadithi. Ni kusini mwa mbuga hii hii ambako Richard Turere, akiwa mvulana mchunga ng'ombe, alibuni taa za sola zinazomwekamweka usiku kuwazuia simba wasiingie zizini, akaalikwa Marekani mwaka 2013 kuueleza ubunifu wake. Kijana wangu alinisimulia yote hayo kana kwamba sijawahi kuyasikia.

Kabla hatujafika mbali, pikipiki ikasimama kando yetu bila mlio. Ya umeme.

"Haina petroli, mathe. Panda."

Bei aliyotaja ilikuwa ile ile ya boda nyingine. Nikamuuliza mbona, kama hanunui mafuta.

"Betri si yangu, naikodi."

Mpwa wangu alikuwa ameshapanda.