Breki Isemayo Uongo

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu mmoja wa Migori aliifundisha methali hiyo miaka mingi kabla ya kuielewa, na kilichomfunza ni gari kuukuu, Peugeot 504, aliloachiwa na marehemu baba yake.

Gari la aina hiyo lina heshima yake nchini Kenya, kwani lilitwaa ushindi wa Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Hata hivyo, sifa za ujana hazizuii raba kuzeeka. Mwalimu aliona mafuta ya breki yamepungua. Akajaza, akafunika, akasahau. Yalipopungua tena, akamwita mpwa wake wakajaribu kutoa hewa wenyewe. Asubuhi ya safari kanyagio lilizama. Alipolikanyaga mara tatu, likashika. Mama yake, aliyekuwa Homa Bay baada ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, akamuuliza kwa simu, "Breki ziko sawa?"

"Ziko sawa, Mama."

Kutoka Rongo barabara huteremka kuelekea Ziwa Viktoria. Karibu na Rodi Kopany ng'ombe walikatiza njia. Kanyagio likagusa sakafu mara ya kwanza, na ya pili. La tatu likashika, gari likasimama hatua mbili kutoka kwa mvulana mchungaji. Mvulana hakukimbia, alitazama tu.

"Jaduong', hushika nikikanyaga mara tatu," alimweleza fundi mzee wa jua kali mjini Homa Bay.

"Mwalimu, breki ni ile ya kwanza. Hizo nyingine ni bahati."

Fundi akaeleza. Mafuta hayashindiliki, ndiyo maana huibeba nguvu ya mguu hadi gurudumuni; hewa hushindilika, nayo huimeza nguvu hiyo njiani. Kanyagio likipanda kwa kukanyagwa mara kwa mara, aghalabu mna hewa. Likizama polepole lingali limeshikiliwa, raba za silinda kuu zimechoka au pana mvujo. Tena mafuta ya breki hayachomwi kama petroli: yakipungua, ama pedi zimelika, ama yanavuja.

Gurudumu la nyuma lilipofunguliwa, ndani palikuwa pamelowa. Raba mpya zikatiwa pande zote mbili. Ndipo kazi ya kutoa hewa ikaanza, kwanza katika gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Fundi aliweka kipande cha ubao chini ya kanyagio, lisije likazama mno na kuziharibu raba kuukuu za silinda hiyo. Mpira mwembamba ukatumbukizwa katika chupa yenye mafuta safi.

"Kanyaga. Shikilia." Nipeli ikafunguliwa, mapovu yakatoka, ikafungwa. "Sasa achia."

Hapo mwalimu akalitambua kosa lake. Kule Migori mpwa wake alikuwa akiachia kabla nipeli haijafungwa, hewa ikarudi ndani.

Jua lilikuwa likizama kanyagio liliposhika juu, gumu, kwa mguso wa kwanza.

Mama aliuliza sababu ya kuchelewa. Mwalimu angeweza kuisingizia barabara. Akamweleza yote, hata habari za mvulana wa Rodi Kopany. Mama akanyamaza kitambo.

"Tutalala hapa," akasema. "Kesho nenda kwanza peke yako hadi Rodi, kisha urudi unichukue."

Alfajiri mwalimu alikwenda na kurudi, akikanyaga mara moja tu kwa kila mteremko. Mama akapanda.