Ufunguo wa sanduku

Mjukuu wangu mpendwa,

Ndaga fijo kwa barua yako. Huku mvua haijakatika, Mlima Rungwe hatujauona siku ya tatu leo.

Unasema mwalimu wenu wa sheria amewaeleza jinsi serikali kuu ya Marekani ilivyozidi kupata nguvu: Katiba yao ya 1787 iliipa kazi chache, kisha 1913 ikabadilishwa ili serikali hiyo itoze kodi ya mapato moja kwa moja, na fedha zikavuta mamlaka nyuma yake. Unaniuliza kama sisi tuna habari kama hiyo. Tunayo, na mimi niliiona.

Mwaka 1972 nilikuwa karani kijana wa halmashauri. Fedha za ushuru zilikaa katika sanduku la chuma, na ufunguo alikuwa nao mweka hazina, mtu tuliyemjua hadi shamba lake. Ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Kweli madaraka yalitoka Dar es Salaam yakafika Mbeya, lakini yakaishia kwa wakurugenzi wa kuteuliwa. Halmashauri zikafutwa, madiwani tuliowapigia kura wakarudi mashambani.

Masika yaliyofuata mto ukachukua mbao nne za kivuko chetu. Zamani diwani angeita watu, sanduku likafunguliwa, wiki haiishi tunavuka. Safari hii niliandika barua, nikagonga muhuri, nikaituma juu. Nikaandika ya pili. Nikaandika ya tatu. Kina mama wakawa wanavuka na mikungu ya ndizi kichwani, maji kiunoni, mpaka masika mengine. Mbao nne tu, mjukuu wangu.

Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri, mwaka 1984, kwamba kufuta serikali za mitaa na ushirika lilikuwa kosa. Nampenda Mwalimu, na kwa kukiri huko nampenda zaidi. Halmashauri za wilaya zilirudi mwaka huohuo. Hesabu mwenyewe miaka.

Sasa fungua Katiba yetu, ibara ya 145 na 146, zilizoingizwa na mabadiliko ya 1984. Zinasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Kisha zinaliachia Bunge litunge sheria ya kuzipa serikali hizo kazi zake. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Kubadili Katiba kunataka theluthi mbili ya wabunge. Kubadili sheria ya kawaida kunataka wingi wa siku hiyo tu.

Mwaka 2014 nilisikiliza Bunge Maalumu la Katiba redioni kila jioni. Moto wote ulikuwa Muungano uwe na serikali mbili au tatu. Nilingoja mtu aulizie sanduku la wilaya. Kura ya maoni juu ya Katiba hiyo mpya, iliyopangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa.

Kwa hiyo nakuomba: utafiti wako wa mwisho usiwe juu ya Marekani. Andika ni fedha gani wilaya inaweza kukusanya na asiwepo wa kuipokonya. Njoo likizo tushuke mtoni. Daraja la zege lipo sasa, lakini magogo ya kile kivuko bado yamesimama majini, nitakuonyesha.

Babu yako