Maumivu ya siku ya pili baada ya karate: kidogo kinachodumu



Ndugu wazazi na wanafunzi wapendwa, kila likizo kubwa inapoanza hapa kwetu Buyenzi, Bujumbura, vijana wengi wa madrasa hujiandikisha karate. Wiki ya kwanza wanakuwa ishirini, wiki ya tatu wamebaki saba au wanane. Ukiwauliza walioacha, hawasemi kwamba hawakupenda. Wanasema, "Ustadhi, mwili umekataa." Kinachowatoa ni yale maumivu ya siku ya pili: mapaja yamekaza, mikono hainyooki, ngazi hazishukiki. Mimi nilianza karate nikiwa na miaka 41 na huu ni mwaka wangu wa tano, kwa hiyo baadhi ya wazazi wameniomba niandike machache ninayoyajua.

Kwanza tujue maumivu haya ni nini. Wengi husema ni asidi iliyobaki kwenye misuli. Sivyo. Asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi, na maumivu yenyewe huja kesho yake, hukolea kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huisha ndani ya wiki. Chanzo chake ni michubuko midogo sana ndani ya nyuzi za misuli. Hutokea zaidi pale msuli unapobeba uzito huku ukirefuka: unaposhuka polepole katika kiba-dachi, unapotua baada ya kuruka, unapouzuia mguu uliorusha teke usiende mbali. Ndiyo maana karate huuma mapaja kuliko kutembea kutwa nzima sokoni.

Kilabu ya kwanza niliyokwenda ilikuwa na desturi ya kuwapokea wageni kwa kuchuchumaa na kuinuka mara 200. Waliamini kwamba hiyo ndiyo njia ya kumjua mwenye moyo. Siku ya pili nilisali Alfajiri nikishika ukuta kila ninapoinuka kutoka sijda, na kikao cha tahiyyatu kilinitoa machozi. Baadaye nilihamia kwa sensei mwingine, mzee mpole, ambaye siku ya kwanza alituhesabia 20 tu, akasema, "Tosha, njooni keshokutwa." Vijana walicheka. Lakini keshokutwa wote tulirudi, na mwezi wa pili tulikuwa tunafanya 100 bila shida.

Siri ya yule mzee inajulikana kwa wataalamu wa mazoezi: msuli ukishaonja kazi kwa kiasi, mara nyingine kazi ileile huuma kidogo sana, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Sisi walimu wa madrasa jambo hili si geni kwetu. Mtoto anayeanza kuhifadhi simpi ukurasa mzima. Nampa aya tatu, kesho azirudie, kisha aongeze. Na nyote mnaijua hadithi ya amali inayodumu ingawa ni chache.

Basi haya ndiyo ninayowaambia vijana wangu:

1. Wiki mbili za mwanzo fanya nusu ya wanachofanya wenye mikanda ya rangi, na pumzika siku moja au mbili kati ya somo na somo. Ukitoka likizo ndefu, anza tena chini.

2. Pasha mwili moto dakika 10 kabla ya mateke: kutembea haraka, kukimbia polepole, kuzungusha mabega na nyonga.

3. Nyoosha viungo baada ya somo ukipenda, maana kunakupa wepesi wa kurusha teke la juu. Lakini usitegemee kwamba kutaondoa maumivu ya kesho. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba msaada wake kwa maumivu ni mdogo mno.

4. Siku ya pili usilale kitandani kutwa. Nenda msikitini kwa miguu. Mwendo mwepesi hupunguza ukakamavu kwa muda, na kukandwa taratibu pia husaidia.

5. Kula vizuri na ulale mapema. Maharage, mayai na ndagala zetu za Tanganyika vinatosha kuujenga msuli, hakuna haja ya poda za dukani. Kunywa maji mpaka mkojo uwe na rangi hafifu.

6. Mwezi wa Ramadhani punguza kazi, na ufanye mazoezi karibu na futari au baada yake.

Wazazi, nawaomba sana kuhusu vidonge. Diklofenaki na ibuprofeni hupatikana kirahisi, na nimeona vijana wakimeza kabla ya somo ili wasisikie maumivu. Dawa hizi zinaweza kuudhuru utumbo, na mwili ukikosa maji zinaweza kuumiza figo. Tena anayeyanyamazisha maumivu hajui lini aache.

Na yapo maumivu yasiyo ya kawaida. Ukiumia ghafla katikati ya somo, sehemu moja tu, au kiungo kikivimba, hilo ni jeraha, acha na ukapimwe. La hatari zaidi nililiona mwenyewe. Mama mmoja jirani alinijia na mwanawe wa miaka 14, siku mbili baada ya kupokewa kwa zile kuchuchumaa 200. Mapaja yalikuwa yamevimba, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mama alidhani amelogwa. Tulimpeleka hospitali usiku uleule. Daktari alieleza kwamba msuli uliovunjika kupita kiasi humwaga vitu vyake kwenye damu, na figo zinaweza kuzibwa navyo. Alitundikiwa dripu siku nne, na alhamdulillah figo zake zilipona. Mkojo wa rangi hiyo baada ya mazoezi usisubiri asubuhi.

Kijana yule sasa ana mkanda wa kijani kwa sensei mzee. Mama yake ndiye humfulia kimono, na kila mwanzo wa likizo huwauliza wazazi wenzake swali moja kabla hawajalipa ada: "Siku ya kwanza huko wanachuchumaa mara ngapi?" Nanyi ulizeni hivyo hivyo. Mwalimu anayejibu kwa hasira, mwacheni. Anayejibu kwa upole kwamba mtoto ataanza na kidogo, mpeni mwanenu.

Wabillahi tawfiq.