Pampu Isizimwe

Nilipoajiriwa kupima maji ya chini ya ardhi kaskazini mwa Boston, mama alinipigia simu kutoka Muheza. "Mwanangu, maji si mnayachemsha tu?" Nikamwambia haya hayaponi kwa moto; ukiyachemsha, sumu inapanda na mvuke unaivuta mwenyewe humo humo jikoni. Alinyamaza kidogo, kisha akaniusia nisiyaguse.

Sumu yenyewe ni trikloroethilini, dawa ya kuondolea grisi kwenye vyuma. Kwa miongo mingi viwanda vya Marekani vilichovya vipuri ndani yake, na masalia mara nyingi yakamwagwa ardhini. Mjini Woburn, jirani na sisi, visima viwili vya umma, G na H, vilifungwa mwaka 1979 vilipokutwa nayo, wakati familia zilikuwa zimeshaanza kuhesabu watoto wenye saratani ya damu. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya Superfund ya kusafisha maeneo ya namna hiyo. Kila nilipoingia kazini niliwakumbuka wazazi wale.

Eneo letu lilikuwa kiwanja cha kiwanda kilichokwishabomolewa, kimejaa visima vyembamba vya uchunguzi. Kazi ya kuchukua sampuli haitaki haraka. Unateremsha mpira, unavuta maji polepole mpaka joto lake na oksijeni yake vitulie. Unajaza kichupa cha mililita 40 hadi maji yatune juu ya mdomo, unafunga, unakipindua, unakigonga kwa kidole. Ukiona kiputo, unaanza upya, maana sumu hukimbilia kwenye hewa hiyo na maabara itasoma pungufu. Januari, vidole vikiwa ganzi, ndipo kishawishi cha kukiacha kiputo kinapokuwa kikubwa. Vijana niliowafundisha niliwakazania hapo kuliko popote.

Ili kusafisha eneo lenyewe, maji tuliyoyavuta kwa pampu yalipandishwa kwenye mnara, yakaporomoka huku yakipulizwa hewa, na hewa hiyo ikachujwa kwa mkaa maalumu. Vipimo vikashuka vizuri. Wenye kiwanja wakasema imetosha, pampu izimwe.

Nilipinga, na ningepinga tena leo. Trikloroethilini ni nzito kuliko maji. Huzama, hutuama juu ya udongo wa mfinyanzi, na kadiri miaka inavyopita hupenya ndani yake. Pampu husafisha mchanga, ambamo maji hupita upesi, lakini mfinyanzi unabaki umeshiba, na mchanga ukishasafika, mfinyanzi huo unaanza kuitapika sumu tone kwa tone. Hili halikuwa siri: mwaka 1994 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitazama maeneo 77 yaliyotumia pampu, likakuta ni machache tu yaliyofikia lengo.

Pampu ikazimwa hata hivyo. Vipimo vikapanda, na wakazi wa mtaa wa bondeni wakaanza kuuliza kuhusu mvuke unaoingia kwenye vyumba vyao vya chini ya nyumba. Walikuwa na haki ya kukasirika.

Baadaye tulidunga ardhini mafuta ya mboga pamoja na bakteria waitwao Dehalococcoides, ambao watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwaeleza mwaka 1997. Mafuta yanapooza huwapa bakteria chakula, nao hubandua klorini moja baada ya nyingine mpaka ibaki etheni, gesi isiyo na madhara hayo. Ila katikati ya safari hiyo hutokea kloridi ya vinili, mbaya kuliko sumu tuliyoanza nayo. Ilipoongezeka nilidai wakazi waitwe kikaoni na waambiwe siku hiyo hiyo, kwa namba zile zile tulizokuwa nazo mezani. Walioogopa kikao kile walikuwa ofisini. Wakazi walisikiliza, wakauliza maswali ya maana, wakataka nakala.

Kloridi ya vinili ikaja kushuka. Ninapostaafu, trikloroethilini katika visima vingi iko chini ya mikrogramu 5 kwa lita, kikomo chake cha Marekani kwa maji ya kunywa, isipokuwa vile vilivyo ukingoni mwa mfinyanzi. Nimemwandikia anayenirithi aendelee kuvipima, hata atakapoambiwa kuwa bajeti imekwisha.