Kabla ya Kupanda Ndege, Panda Basi la Rongo

Msomaji mpendwa, huenda nyumbani kwako kuna kijana aliyemaliza kidato cha nne na ambaye hazungumzi jambo jingine ila Kanada. Asubuhi ni Toronto, jioni ni Winnipeg. Amekusanya majina ya vyuo vikuu vya huko, vile vinavyosifika kwa utafiti, na anavitaja kama mtoto atajavyo wachezaji wa kandanda. Nawe mzazi, usiku usingizi unakupaa. Unaitazama hati ya ile ploti uliyoinunua kwa jasho, unajiuliza kama wakati wa kuiuza umefika.

Usiuze bado. Leo nakualika safari fupi, nayo haihitaji pasipoti. Mchukue kijana wako, mpande basi mwelekee Nyanza Kusini, katika kaunti za Migori na Homa Bay. Huenda mkirudi kijana atakuwa bado anaitaka Kanada. Si neno. Lakini ataitaka akijua sababu, na hiyo ndiyo tofauti kati ya msomi na mfuata mkumbo.

CHUO CHA UTAFITI NI KIPI?

Kwanza tuelewane. Vyuo vikuu vyote hufundisha, lakini si vyote vinavyoishi kwa utafiti. Katika chuo cha utafiti, profesa hapimwi kwa mihadhara peke yake. Hupimwa pia kwa maswali mapya anayoyajibu, kwa fedha za utafiti anazozitafuta, na kwa wanafunzi wa uzamili na uzamifu anaowalea katika maabara yake. Mfano mzuri ni Chuo Kikuu cha Toronto. Mwaka 1921, Frederick Banting na Charles Best waligundua huko insulini, dawa ambayo hadi leo inawahifadhi hai wagonjwa wa kisukari duniani kote. Chuo Kikuu cha Manitoba nacho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 1980 katika uchunguzi wa magonjwa ya zinaa, na baadaye UKIMWI.

Umeiona njia hiyo? Kutoka Manitoba hadi Nairobi. Wakanada walikuja kwetu kwa sababu swali lao lilikuwa huku. Shika wazo hilo, maana litatufaa mbele ya safari.

KITUO CHA KWANZA: RONGO

Kutoka Nairobi mtateremka Mai Mahiu, mpite Narok, Bomet na Kisii. Ni safari ya siku nzima, basi ondokeni alfajiri. Mkiiacha Kisii na migomba yake, barabara inaanza kuteremka, hewa inapata joto, na miwa inajitokeza kando ya njia. Hapo mnaingia Kaunti ya Migori, na mji wa kwanza mkubwa ni Rongo.

Karibu na mji huo, kwenye kilima cha Kitere, kuna Chuo Kikuu cha Rongo. Kilianzishwa mwaka 2011 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, mahali palipokuwa taasisi ya ufundi, na Oktoba 2016 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mwombe mlinzi langoni kwa adabu, mzunguke kidogo. Hamtaona majumba ya mawe yenye mimea ya kutambaa kama yale ya vitabuni. Mtaona majengo ya kawaida, wanafunzi wenye mikoba mgongoni, na wauza chapati nje ya lango. Chuo hiki kimejijengea jina hasa katika masomo ya habari, mawasiliano na vyombo vya habari, ingawa elimu, biashara, kilimo na sayansi pia hufundishwa.

Kijana atasema, "Hiki si kama Toronto." Kweli, si kama Toronto. Toronto ilianza mwaka 1827, na chuo hiki bado kijana kama yeye. Lakini muulize swali hili: je, maswali ya kutafitiwa yako wapi? Shukeni zaidi kusini, mpite Awendo penye miwa, mfike Migori mjini. Katika kaunti hii watu huchimba dhahabu kwa mikono, na wengi huitenganisha na mchanga kwa kutumia zebaki. Zebaki ni sumu inayoingia majini, kwa samaki na mwilini mwa mama mjamzito. Nani atatafuta njia nyingine ya kuosha dhahabu bila sumu, ambayo mchimba migodi maskini ataimudu? Hapo pana digrii tatu za mtu mmoja, na kazi ya maisha.

UKUTA USIO NA SARUJI

Kutoka mji wa Migori, kiasi cha kilomita 46 kaskazini magharibi, nendeni Thimlich Ohinga. Hii ni ngome ya mawe iliyojengwa tangu karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita moja na nusu na mita nne na nusu, na zimepangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji. Ukuta wa nje na wa ndani umeshikwa na mawe madogo yaliyojazwa katikati. Mwaka 2018, UNESCO iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mwache kijana aingie langoni akiwa ameinama, kwani malango yaliachwa madogo ili adui asiingie kwa kishindo. Kisha mwambie aufikirie ukuta huo uliosimama mamia ya miaka. Waliouinua hawakuwa na shahada ya uhandisi, lakini walijua jinsi uzito unavyoshikana. Maarifa yalikuwako huku kabla ya vyuo.

HOMA BAY NA MTU ALIYEKODI NDEGE

Rudini Rongo, mshike barabara ya Rodi Kopany, mwishowe ziwa litajitokeza mbele yenu kama bati lililotandazwa juani. Huo ni mji wa Homa Bay. Nunueni ngege wa kukaanga mle kwa ugali, kwa maana elimu haiingii tumbo likinguruma.

Hapa kuna Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Kilianza mwaka 2016 kama chuo kishiriki cha Maseno, na mwaka 2022 kikawa chuo kikuu kamili. Msikichanganye na chuo cha wafanyakazi chenye jina la Mboya kilichoko Kisumu. Ni viwili tofauti.

Jina hilo lina hadithi ambayo kila kijana anayeiota Kanada anapaswa kuijua. Tom Mboya, ambaye ukoo wake ni wa kisiwa cha Rusinga, hakuwahi kusomea digrii. Alifunzwa ukaguzi wa afya, akawa kiongozi wa wafanyakazi, na alipata mwaka mmoja tu wa masomo katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Lakini mwaka 1959, serikali ya kikoloni ikiwa haina haraka ya kuwasomesha Waafrika, Mboya alikwenda Marekani akaomba nafasi na nauli. Septemba mwaka huo ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Hadi mwaka 1963 mamia ya wengine walikuwa wamefuata, wakaingia vyuo vya Marekani na baadhi Kanada. Mmoja wa walioondoka mwaka 1960 kwa mpango huo ni Wangari Maathai, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Kaburi lake liko Rusinga, nanyi mtalifikia kesho. Lakini tafakarini jambo hili mkiwa kitandani: Mboya hakuwapeleka vijana ng'ambo ili wapate pa kukimbilia. Aliwapeleka kwa sababu nchi ilikuwa karibu kuwa huru na ilihitaji watu wa kuiendesha. Safari yao ilikuwa na kwenda na kurudi.

MBITA: DUNIA INAKUJA HUKU

Asubuhi elekeeni Mbita. Hapa, msomaji, ndipo penye kiini cha safari yetu. Kando ya ziwa kuna kituo cha icipe, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Makao yake makuu yako Kasarani, Nairobi, lakini kituo cha Mbita ndicho leo kinachoitwa kwa jina la mwanzilishi huyo. Odhiambo alisoma Maseno, Makerere na Cambridge. Akarudi. Alipoona Afrika haina mahali pa kufanyia sayansi ya hali ya juu, alipajenga.

Matunda yake? Tazameni shamba la mahindi. Adui wake wakubwa ni viwavi wanaotoboa mabua, na lile gugu lenye maua ya zambarau liitwalo striga, ambalo Waluo huliita kayongo. Watafiti wa icipe, wakishirikiana na wenzao wa Kenya na wa Rothamsted huko Uingereza, walipanda mmea wa desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi za mabingobingo pembeni. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi hao, na mabingobingo huwavuta watage mayai huko, ambako viwavi wengi hufa. Kisha ikaonekana jambo ambalo hawakulitarajia: desmodiamu iliangamiza na kayongo pia! Mizizi yake huyafanya mabegu ya gugu hilo yaote, kisha hulizuia lisijishike kwenye mizizi ya mahindi. Na mimea yote miwili ni chakula cha ng'ombe. Mkulima asiye na fedha za dawa anaweza kuitumia mbinu hiyo.

Vukeni daraja muingie Rusinga. Kati ya mwaka 2012 na 2015, icipe pamoja na watafiti wa Uholanzi na Uswisi waliweka mitego ya mbu yenye harufu ya binadamu katika nyumba za kisiwa hiki, ikiendeshwa kwa umeme wa jua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa malaria ilikuwa chini kwa asilimia 30 miongoni mwa waliokuwa na mitego. Na mama wa nyumbani akapata taa na mahali pa kuchajia simu. (Ninyi wageni, bebeni neti zenu.)

Katika kisiwa hiki hiki, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Na upande wa pili, katika rasi ya Homa, mahali paitwapo Nyayanga, wachimbuzi walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Hizo ni miongoni mwa zana kongwe zaidi za aina yake duniani. Maprofesa wa Marekani huvuka bahari ili wapige magoti katika udongo huu. Chuo Kikuu cha Nagasaki cha Japani, pamoja na KEMRI, nacho kimekuwa kikifuatilia afya za watu wa Mbita kwa miaka mingi.

Sasa mwulize kijana: kama dunia nzima inakuja Mbita kutafuta majibu, wewe wa hapa unakimbilia wapi?

TUSEME UKWELI

Sitaki kukudanganya, msomaji. Mwenyeji wa swali si lazima awe mwenye maabara. Vyuo vyetu vichanga havina fedha za kutosha, na vitabu na mitambo hupungua. Kijana anayetaka kusomea jambo lisilofundishwa nchini ana haki ya kutafuta ng'ambo. Lakini ajue bei. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Kanada ilipandisha kiasi ambacho mwanafunzi lazima aonyeshe kuwa nacho cha kujikimu, mbali na karo na nauli, kutoka dola 10,000 za huko hadi dola 20,635, na mwaka 2025 ikaongeza tena. Mwaka huo wa 2024 pia iliweka kikomo cha idadi ya vibali vya wanafunzi. Wakala anayekuambia kwamba "yote yatapangwa" ukimlipa leo, mkimbie.

Tena kuna siri ambayo mawakala hawaisemi. Katika vyuo vya utafiti, anayelipiwa kwa kawaida si mwanafunzi wa digrii ya kwanza. Ni yule wa uzamili au uzamifu, anayefanya kazi katika maabara ya profesa na kupewa posho. Wa digrii ya kwanza, hasa mgeni, ndiye hulipa karo nzito. Basi njia ya mwenye mfuko mwepesi ni hii: soma digrii ya kwanza nyumbani kwa bidii, ukitumia nafasi za serikali na mkopo wa HELB. Ukiwa bado chuoni, omba kazi ya mafunzo katika kituo kama cha Mbita, hata kama ni kuhesabu mbu. Jifunze kuandika swali na kulijibu. Halafu mwandikie profesa wa Manitoba au Toronto ukiwa na kitu mkononi. Hata uzamifu wenyewe waweza kuufanya hapa: tangu mwaka 1983 icipe imekuwa na mpango wa kuwalea wanafunzi wa uzamifu waliosajiliwa katika vyuo vikuu vya Afrika.

Mtakaporudi, msimalizie safari bila kusimama kwenye kaburi la Mboya. Kijana asome maandishi yaliyopo, atazame ziwa, anyamaze kidogo. Usimhubirie. Njiani kuelekea Nairobi, pengine mkiwa Narok mkinywa chai, mwulize swali moja tu: "Ukienda, utakwenda kutafuta jibu la swali gani?"

Akiwa na jibu, mzazi mwenzangu, hapo ndipo mketi mzungumze juu ya ile ploti. Akiwa hana, hati irudishe kabatini na umpe fomu za vyuo vya nyumbani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wa kwanza ni wa kitanda chake mwenyewe.

Safari njema.