Kutoka Jalalani Hadi Bandani

Tukikumbuka kuku wa kienyeji walivyofugwa nyuma ya nyumba zetu, ni rahisi kusema kwamba zamani hawakulishwa. Walifunguliwa asubuhi, wakarushiwa konzi ya mtama au makoko ya ugali, basi. Kumbe aliyewalisha ni uwanja: mbegu za magugu, majani mabichi, panzi, funza wa jalalani, hata changarawe za kusagia chakula ndani ya firigisi. Wafugaji hodari waliwategea vifaranga mchwa. Chungu kibovu kilijazwa samadi na mabua makavu, kikanyunyiziwa maji, kikafudikizwa jioni penye mchwa. Kilipoinuliwa asubuhi, vifaranga waligombania protini isiyonunuliwa. Mlo ule ulichanganyika wenyewe, bila mtu kuupanga.

Kisha viwanja vya mijini vikagawanywa vidogo vidogo, kuta zikapanda, na kuku aliyeparua mchicha wa jirani akaleta ugomvi. Akafungiwa bandani, na pumba za mahindi zikashika nafasi ya vyote alivyokuwa akijitafutia. Anayemfungia kuku amejitwika kazi ya uwanja, na kazi hiyo pumba peke yake haziiwezi. Hata mahindi yenyewe yana protini ya asilimia 8 au 9 hivi, ilhali kuku anayetaga huhitaji karibu asilimia 16. Tena yamepungukiwa asidi amino za lisini na methionini, ambazo dagaa wanazo. Ganda la yai moja hubeba takriban gramu 2 za kalsiamu. Kuku asipopewa chokaa ya mifugo au mifupa iliyosagwa, huichota kalsiamu hiyo katika mifupa yake mwenyewe, na mayai huanza kutoka na ganda jepesi linalobonyea mkononi.

Wapo wanaosema bibi zetu walifuga bila haya yote. Ni kweli, lakini walikuwa na uwanja. Na hata hivyo kuku wao walitaga mayai machache, na kiangazi wadudu walipoadimika, walikonda. Wengine husema chakula cha dukani kinatosha. Kinatosha, kikiwa kimetengenezwa vizuri na kikatolewa kama kilivyo. Mfuko mmoja ukichanganywa na pumba mifuko miwili ili udumu, uwiano aliolipia mfugaji umevurugika. Hoja yenye uzito ni gharama, maana chakula ndicho kinachokula sehemu kubwa ya fedha za ufugaji. Lakini mashudu ya alizeti na mabaki ya mbogamboga ni nafuu kuliko kulisha kundi lisilotaga. Unafuu usiofaa ni wa mahindi yaliyoota ukungu, kwa sababu sumukuvu huharibu ini la kuku, na inaweza kumfikia mlaji. Kwa hiyo mfukoni kukiwa kugumu, punguza idadi ya kuku kabla ya kupunguza kilichomo katika chakula chao.