Kumbe Ni Gumba

Wasee, kuna video iko kwa simu yangu na hamtawahi kuiona. Ni ya sekunde chache tu, lakini ndiyo ya maana kuliko zote nimewahi kushuti.

Mimi ni mtoto wa Budalang'i, pande za Port Victoria, mahali unajua kuogopa mto Nzoia kabla hujajua kuogelea. Mjomba wangu, ndugu ya mama, anafanya biashara Malaba, pale malori hupanga foleni kuingia Uganda. Anatembea na pesa, kwa hivyo ana bastola, na leseni yake iko sawa. Shida ni kwamba alikuwa ameacha kuiamini.

Iko hivi. Ukipiga risasi, slaidi, yaani kile chuma cha juu, inarudi nyuma, inatema ganda, halafu inaenda mbele na risasi nyingine. Magazini ikiisha, kuna kijichuma kando kinainuka na kuishikilia slaidi nyuma. Hapo bastola inakuambia, "Sina kitu." Sasa ya mjomba ilikuwa inabaki wazi hivyo na risasi bado ziko ndani. Fikiria ni usiku, mtu amekusimamia mbele, na bastola yako inakudanganya imeisha.

Alinunua magazini mpya, wapi. Akabadilisha risasi, bado. Fundi mmoja wa vyuma akamwambia alete akipige tupa hicho kijichuma. Shukuru Mungu hakupeleka. Chuma ukishakipunguza hakirudi, na sheria ya silaha hapa Kenya, Sura ya 114, haimruhusu kila fundi kufanya biashara ya kurekebisha bunduki. Lazima uwe umesajiliwa.

Alipokuja Nairobi ninapoishi, nikamsindikiza hadi uwanja wa shabaha wa Kirigiti, Kiambu. Mwalimu alikuwa mama mmoja mpole sana. Kanuni yake ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja kwa wakati. Akaandika magazini namba 1, 2 na 3. Ikikwama moja pekee, basi hiyo ndiyo mbovu. Zikakwama zote. Akaangalia kama ncha ya risasi inagusa kijichuma kwa ndani. Hapana. Akakagua springi yake. Iko sawa, kijichuma kinashuka chenyewe. Halafu akaichukua bastola akapiga magazini nzima yeye mwenyewe. Haikukwama hata mara moja.

Mjomba akanuna.

Mwalimu akaniuliza, "Simu yako iko na slomo?" Nikasimama nyuma ya mjomba, upande wa kushoto. Akapiga moja, mbili, tatu, nne. Ikabaki wazi. Mwalimu akasema polepole, "Mdomo wa bastola ubaki mbele. Kidole mbali na kifyatulio. Toa magazini, angalia chemba." Ilipokuwa salama, tukatazama video.

Kumbe ni gumba. Gumba la mkono wake wa kushoto lilikuwa limejificha chini ya kile kijichuma. Bastola ikipiga teke, mikono inapanda, gumba linakisukuma juu, slaidi inanaswa.

Sasa nani anamwambia? Kwetu mpwa hamwambii mjomba wake "kosa ni lako". Nikampa tu simu. Akaitazama mara tatu, kimya. Halafu akacheka. "Miezi yote hiyo nimekuwa nikitukana chuma."

Mwalimu akamshushia gumba, likaelekea mbele. Akamwonya pia asililaze juu ya kijichuma, maana hapo slaidi haitabaki wazi hata risasi zikiisha. Magazini tatu zilizofuata, ilifunguka tu zilipokwisha.

Manze, ile video ingetrend. Mzee, bastola, aibu, kila kitu kiko. Lakini mjomba aliniambia nimtumie yeye, hakuniambia niposti. Nikaheshimu.

Na ukweli ni kwamba ilinigusa mimi. Mwaka mzima nimekuwa nikilaumu algorithimu kwamba inaficha video zangu. Nimebadilisha simu, taa, hata saa ya kuposti. Usiku huo nikaketi nikajitazama kama mgeni. Najisalimia sekunde arobaini kabla sijasema kitu!

Wewe je, umelaumu nini na bado hujaangalia gumba lako?